Mgeni Haulizwi Kwao

Néhémie alikuwa mtu wa kuuliza. Fizi nzima walimjua kwa hilo. Ukikutana naye njiani asubuhi, kabla hamjamaliza kusalimiana ameshajua unakotoka, unakokwenda, umebeba nini kikapuni na kwa nini mkeo hakuonekana kanisani. Hakuwa mtu mbaya, tena alikuwa shemasi. Ni mdomo wake tu uliokuwa haujui kukaa. Sasa chukua mtu wa namna hiyo, umpe kazi ambayo sheria yake ya kwanza ni kutouliza. Mungu naye ana mizaha yake.

Kazi yenyewe ilikuwa kutembeza watu wanaotaka kuona ndege. Ndiyo, ndege, na si wa kula, wa kuangalia. Wazungu walikuja kwa ajili hiyo tangu zamani, baadaye wakaja na Waafrika wenye shule zao. Wanapanda msitu wa kaskazini, kule juu Itombwe kwenye baridi na ukungu, wanakaa chini ya miti shingo zimepinda, halafu wanashuka ziwani na kuvushwa hadi rasi ya Ubwari, kwenye visiwa vya mawe vilivyopakwa weupe na mavi ya minandi, wale ndege weusi wavuvi. Watu wa Fizi walicheka mpaka wakachoka. Rosette, mkewe Néhémie, hakucheka hata siku moja, maana ndege hao ndio waliosomesha watoto wake.

Msitu ule ni mkubwa, hakuna mtu mmoja anayeujua wote, kwa hiyo waongozaji walipokezana wageni. Casimir alikuwa na upande wa juu, Néhémie upande wa kushukia Fizi, na Ramazani wa Baraka, mwenye mtumbwi wa mashine, alikuwa na ziwa. Walipokezana kwa desturi waliyoikuta kwa babu zao, ya tangu wakati wageni walipopitishwa kutoka kwa mwami mmoja, yaani chifu, hadi kwa mwingine. Anayetoa anashika mkono wa mgeni, anauweka ndani ya mkono wa anayepokea, na anayepokea ana maswali mawili tu. Anakula nini? Anaogopa nini? Basi. Kwao ni wapi, baba yake ni nani, kabila lake ni gani, hayo ni mwiko mpaka mgeni atoke mkononi mwako. Wazee walisema ukimuuliza mtu kwao huku umemshika mkono, hujamshika tena, umemkamata.

Mwaka ule wa tisini na sita, mvua zinaanza, Casimir aliuweka mkono wa Immaculée ndani ya mkono wa Néhémie, pale kwenye kijito wanapokutania siku zote. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, wa maneno machache, anayefanya kazi Bukavu kwa wataalamu wa wanyama. Néhémie akauliza anakula nini. Casimir akajibu kwamba anakula chochote ila samaki. Akauliza anaogopa nini. Casimir akacheka, akasema huyu anaogopa kitu kimoja tu, kurudi kwao bila kuona kajani, kale kandege ka msituni. Kisha kicheko kikamtoka usoni. Akamvuta Néhémie pembeni.

"Mupitishe mbiyo, ndugu yangu," akasema. "Batu banasema mambo."

Mambo yenyewe Néhémie aliyajua, nani asiyeyajua? Upande wa Uvira vita vilikuwa vimeanza. Redio ilikuwa inasema adui ameingia, tena adui ana ndugu zake humu humu ndani, wahame au watajua wenyewe. Tangu hapo kila mtu alimwangalia jirani yake usoni kuliko inavyofaa. Urefu wa mtu na pua yake vilikuwa vimegeuka kesi, maana ndivyo walivyosema adui anavyotambulika. Na huyu Immaculée alikuwa mrefu, na pua alikuwa nayo.

Basi Néhémie akaanza kuteseka. Kuanzia kijitoni swali lilimkaa kooni: kwenu ni wapi? Alipotembea mbele lilimsukuma mgongoni, alipotembea nyuma alikuwa analiona linatembea juu ya mabega ya mgeni. Alitafuta jibu kila mahali. Kiswahili cha mwanamke kilikuwa cha Bukavu, safi, hakisemi kitu. Hali samaki, eh, watu gani hawali samaki? Akahesabu makabila kichwani, halafu akajikemea, maana mjomba wake mwenyewe hali samaki tangu mwiba ulipomkaba siku ya Noeli. Akatega mtego. Jioni, wakila sombe ya majani ya muhogo, akaanza kutaja ukoo wake, baba, babu, babu wa babu, akipanda hadi yule wa kwanza aliyetoka huko magharibi na mbwa wake, akitumaini kwamba mwenzake naye ataona haya na kutaja angalau wawili. Immaculée alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Ni hadithi muzuri, papa Néhémie," akasema. Kisha akamuuliza yule ndege anayelia kama mtu anayepasua kuni ni yupi.

Shetani wa kiherehere! Néhémie alilala vibaya usiku ule, akageuka geuka, akainuka mapema kuliko ndege wenyewe.

Siku iliyofuata wakaanza kukutana na watu. Walikuwa wanapanda kutoka chini, na godoro kichwani, na kuku miguu imefungwa, na watoto waliochoka kulia. Kwa kawaida hakuna anayepanda msituni na godoro. Néhémie, kwa kuwa hao hawakuwa wageni wake, akawauliza mpaka akashiba: wanajeshi wako wapi, Baraka kuna nini, Fizi je, njia iko wazi? Wakamwambia njia bado iko wazi, lakini kila mtu anasema haitakaa hivyo. Mama mmoja aliyebeba sufuria alimtazama Immaculée kutoka miguuni hadi kichwani, akamgeukia Néhémie. Alimuuliza huyu atampitishia wapi. Hakungoja jibu, akaendelea kupanda.

Mtu mwenye akili angeshuka saa ile ile. Na mimi nakwambia, Néhémie akili alikuwa nazo. Lakini alikuwa na kitu kingine pia, kiburi cha kazi, ambacho hakimpati mtu mwingine ila mwongozaji wa ndege. Kajani ni kandege kadogo ka kijani, kifuani kana rangi ya mbingu ya asubuhi, kanakaa juu sana kwenye majani na kanaonekana nusu ya kufumba jicho. Wataalamu wamekufa bila kukaona. Miaka yote Néhémie alikuwa hajawahi kushusha mgeni ambaye hakukaona. Ramazani kule ziwani alikuwa anamtania, siku utakaponiletea mgeni ambaye hajaona kajani nitaacha mtumbwi nilime mihogo. Basi mwongozaji akasimama njiani, vita vinapanda kwa upande mmoja, sifa yake iko upande mwingine, akamwambia mgeni kwamba ukingo wa kajani uko karibu, tukipinda kulia tunalala huko, kesho tunashuka.

Immaculée alitazama wale watu na magodoro yao. "Papa, we unaonaje?" aliuliza.

"Kesho tutashuka," akasema Néhémie.

Wakapinda kulia. Na kajani kalikuja, tusikanyime haki yake. Asubuhi, ukungu ulipofunguka, tutatu tukapita juu ya vichwa vyao, kamoja kakatua kwenye tawi lililo wazi kakakaa, kakakaa, kama kanangoja kupigwa picha. Immaculée alishusha darubini machozi yanamtoka. Alimshika Néhémie mkono, akamwambia baba yake alikuwa anamsimulia ndege huyu akiwa mtoto. Néhémie akaruka kwa ndani. Baba yake! Baba yake aliishi wapi hata amjue kajani? Neno lilifika kwenye meno. Akaling'ata, akasema tufunge mizigo.

Walifika Fizi mchana, kwa njia ya nyuma ya mashamba. Rosette aliwaona kutoka jikoni, na kabla hawajakaa alishafunga mlango. Hakuwa mwanamke wa kupiga kelele. Alimwambia mumewe kwa sauti ya chini kwamba tangu jana jioni wameweka bariere pale njia inapoanza kuteremka kwenda ziwani, wamelaza mti barabarani, vijana wa hapa hapa, na kila anayepita anaulizwa kwao. Walioshuka jana asubuhi walipita bila neno. Walioshuka jioni si wote waliopita.

Jana asubuhi. Néhémie alikaa juu ya kinu. Jana asubuhi alikuwa anapinda kulia.

"Na mukubwa wabo ni Fabien," akasema Rosette.

Fabien! Néhémie alipumua kidogo. Fabien alikuwa mtoto wa kaka yake mkubwa, yule aliyekufa katika vita vya zamani, vya miaka ya sitini. Alikuwa amelelewa ndani ya nyumba hii hii. Rosette alipoolewa alimkuta bado mdogo, akamlea kama wake. Fabien akala bugali yake mpaka akawa mwanaume mwenye mabega. Basi kama ni Fabien, mambo si yangeweza kuzungumzwa? Lakini Rosette alitikisa kichwa, akasema yule si Fabien wako wa juzi, wamempa bunduki. Kisha akamtazama Immaculée, akamtazama mumewe.

"Baba Eddy, kwabo ni wapi?"

"Sijue."

"Hujue? We?"

Alimweleza kwamba amempokea kwa mkono, na Rosette, binti wa watu wanaojua maana yake, hakurudia. Alimvua Immaculée suruali na viatu vya msituni, akamvalisha kikwembe chake na kitambaa kichwani, akazika darubini ndani ya gunia la maharagwe. Alipomaliza, mgeni alikuwa amefanana na mwanamke yeyote wa Fizi, isipokuwa kwa urefu, na urefu hauzikwi kwenye maharagwe. Ramazani alikuwa ameleta habari kwamba mtumbwi wake ameuhamishia Lweba, maana Baraka imejaa askari, na kwamba anavusha watu hadi Ubwari, kutoka huko hadi Kigoma. Kulikuwa na njia moja ya kufika Lweba kabla ya giza, nayo ilipita barierini.

Kama wangeweza kukaa wangekaa. Lakini majirani walikuwa wamekwisha kuwaona, na mtoto wa jirani alikuwa ameonekana anakimbia kuelekea chini, kwenye bariere.

Pale barierini vijana walikuwa wameketi kuzunguka moto wanachoma mahindi, mapanga yamelazwa kando. Fabien alikuwa peke yake upande mwingine wa barabara, mbali na moto, bunduki magotini. Kando ya njia, kwenye majani, kulikuwa na viatu vya mwanamke, vizuri, vya mjini, hakuna mguu. Immaculée aliviona. Néhémie alisikia pumzi yake inabadilika nyuma yake.

Fabien alisimama, akamwamkia baba yake mdogo kama inavyotakiwa, akauliza habari ya nyumbani. Kisha akaonyesha kwa kidevu.

"Huyu ni nani?"

"Mugeni wangu."

"Kwabo ni wapi?"

"Sijue," akasema Néhémie.

Vijana walicheka hadi mmoja akaangusha hindi lake motoni. Néhémie hajui! Huyu anayeuliza mbuzi kama amelala salama! Fabien naye alitabasamu, na kwa muda kidogo alikuwa yule wa zamani. Lakini tabasamu lilikwisha. Alimwambia asifanye mchezo, wakati si wa mchezo. Néhémie akamweleza, kwa sauti ambayo wote wangesikia, kwamba amempokea mwanamke huyu mkono kwa mkono, kwamba wote hapa wana babu waliopokea watu hivyo, na kwamba hajamuuliza. Walitoa Biblia, maana walikuwa nayo pale, ya kuapishia. Néhémie akaiwekea mkono bila kusita akaapa kwamba hajui. Ilikuwa kweli, na alilitoa neno hilo kwa sauti ya mtu ambaye ukweli wenyewe umemnyima usingizi. Wakamwamini. Shemasi wao hakuwa mtu wa kuapa uongo, hilo walilijua tangu shule ya Jumapili.

Ndipo mmoja wao, kijana mwembamba mwenye panga, akasema basi rahisi. "Sisi tukimuuliza atatudanganya. Amuulize yeye, hapa, halafu yeye atuapie."

"Njo vile," akakubali Fabien. "Baba mudogo, muulize."

Haya sasa. Swali lililomla tangu kijitoni, leo anaamriwa kulitoa. Mdomo wa Néhémie ulikauka kama haujawahi kuuliza kitu duniani. Alimgeukia Immaculée. Mwanamke alikuwa anamtazama moja kwa moja, kidevu juu, mikono imeshika kikwembe cha Rosette, na katika uso ule Néhémie aliona kitu kilichomtisha kuliko mapanga. Aliona kwamba akimuuliza, atasema kweli.

Jua lilikuwa linachoma. Hindi lililoanguka lilikuwa linaungua na hakuna aliyeliokota.

"Fabien," akasema, "kuja hapa kidogo."

Vijana walinung'unika, lakini mtu hakatai kuitwa na baba yake. Walisogea hadi penye migomba, mahali pa kuonekana na si pa kusikika. Néhémie alitazama nyuma kuona kama kuna aliyewafuata. Akamwambia Fabien kwamba wakati wa vita vile vya zamani, yeye mwenyewe akiwa kijana ambaye ndevu hazijakomaa, alikuwa amesimama kwenye kijito kile kile cha msituni, na mtu asiyemjua, amechoka, damu kwenye shati, aliweka mkono wa mtoto ndani ya mkono wake.

"Nilimuuliza anakula nini," akasema. "Akaniambia maziwa, na bugali ukiiponda. Nikamuuliza anaogopa nini. Akaniambia moto."

Fabien alikuwa anamtazama mdomoni.

"Kaka yangu alikufa bila mke, Fabien. Mama yangu njo alisema mtoto ni wa kaka, na batu bakakubali. Mi nilinyamaza. Kwabo sikuuliza, mupaka leo." Alimshika ule mkono wenye bunduki, taratibu, jinsi mtu anavyoshika mkono wa mgonjwa. "Nikimuuliza huyu mwanamuke leo mbele yabo, kesho batauliza mi habari ya kila mukono nimeshika. Na batanipa Biblia. Na we unajua sijue kuapa uongo."

Fabien alitazama upande wa moto, akatazama mikono yake, akaigeuza. Néhémie alitaka kumkumbatia, na alitaka kumeza kila neno alilosema, na yote mawili hayakuwezekana. Kisha Fabien alitembea kurudi barabarani, akitembea vibaya, kama mtu ambaye mguu umemfa ganzi. Akawaambia vijana wainue mti. Yule mwembamba akauliza kwa nini, wamemjua kwao? Fabien akasema amesema wainue. Alisema kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake, na wakainua.

Immaculée alipita karibu na vile viatu bila kuvitazama.

Walikwenda haraka. Njia ya Lweba inapinda juu ya Baraka kupitia mashamba ya mihogo, na kutoka pale ziwa linaonekana lote, na Ubwari mbele yake. Mtu angefurahi. Néhémie hakufurahi hata kidogo. Alitembea akijisemesha, akisimama, akianza tena kabla mgeni hajamfikia. Alikuwa amemtoa mtu mmoja kinywani mwa simba kwa kumsukuma mwingine, na huyo aliyemsukuma, yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kutembea. Kwa nini hakushuka jana asubuhi? Kwa ajili ya kandege! Kama angeshuka jana asubuhi, Fabien angekufa mzee akiwa mtoto wa kaka yake. Alitema mate, akasema jina la Mungu, akatema tena.

Ramazani alikuwa ufukweni anafunga mashine, kofia yake ya ibada imelowa jasho, mtumbwi umejaa watu na mabunda. Alipowaona hakuuliza mbona wamechelewa. Néhémie alishika mkono wa Immaculée akauweka ndani ya mkono wake. Ramazani akauliza anakula nini, akaambiwa chochote ila samaki, akasema huyu basi huko tunakokwenda atakonda. Akauliza anaogopa nini.

"Kama sisi wote," akasema Néhémie.

Ramazani alimshika mwanamke kiwiko ili apande. Lakini yeye, mguu mmoja ndani ya maji, aligeuka.

"Papa Néhémie," akasema, "nimeshatoka mukononi mwako. Sasa unaweza kuniuliza."

Ilikuwa haki yake. Hata babu zake wasingemlaumu. Aliona kwamba mwanamke anataka kumpa kitu, na hana kingine cha kumpa, darubini yake iko kwenye maharagwe ya Rosette na kila alicholeta kimebaki Fizi. Na swali lilikuwa bado lipo, palepale kooni, limenona kuliko siku ya kwanza.

"Hapana, mama," akasema. "Mi niko narudi kwa bariere. Batakuja kuniuliza tena. Usiniambie."

Immaculée akainamisha kichwa mbele yake, jinsi binti anavyofanya kwa baba, akapanda. Ramazani akavuta kamba ya mashine, ikakataa, akaitukana, ikakubali. Néhémie alisimama kwenye mchanga mpaka mtumbwi ulipofika usawa wa yale mawe ya minandi. Ndege waliinuka wengi sana, wakazunguka, wakatua tena. Mwanamke aliyevuka milima kuja kuwaona hakuinua kichwa, au kama aliinua, mbali kule haikuonekana.

Alilala Lweba kwa rafiki wa Ramazani, kama kulala ni kulaza mbavu. Kulipokucha alianza kupanda. Watu wote aliokutana nao walikuwa wanashuka, na wawili watatu walimwambia amerukwa na akili, vita viko huko unakokwenda. Akawaambia mkewe yuko huko. Hilo lilikuwa kweli, lakini si mkewe aliyekuwa kichwani mwake.

Alifika barierini jua likiwa juu. Moto ulikuwa majivu. Vijana walikuwa wamelala kivulini kofia usoni, yule mwembamba peke yake alikuwa macho, ananoa panga juu ya jiwe bila kutazama mtu. Fabien alikuwa ameketi juu ya ule mti wenyewe. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu ambaye hakulala na hakunywa.

Hakusimama. Hakumwita baba mdogo.

"Muzee," akasema. "Kwetu ni wapi?"

Néhémie aliketi kando yake. Njia nzima alikuwa ametafuta la kusema. Angeweza kutaja mahali popote, msitu una vijiji vingi vilivyoungua, hakuna wa kubisha. Neno moja tu lingetosha, na kijana angelishika maisha yake yote. Alijaribu. Alifungua mdomo kweli, na kijiji kilikuwa tayari kwenye ulimi, kizuri, chenye jina la mto. Lakini alikuwa amemwambia mwenyewe penye migomba kwamba kuapa uongo hajui, na Fabien alikuwa anamtazama mdomoni kama jana.

"Sijue, mutoto wangu," akasema. "Sikuuliza."

Yule wa panga aliacha kunoa, akatema, akaanza tena. Fabien alikuwa anakwaruza ganda la mti kwa ukucha.

"Kwenu sijue," akasema Néhémie. "Lakini we ni wangu. Nilikupokea kwa hii mikono yote mbili. Hiyo naweza kuapa mbele ya yeyote, hata leo, hata hapa."

Fabien alimwangalia yule mwembamba na panga lake, akaangalia viatu kwenye majani. Halafu akasema polepole, bila hasira, kwa sauti ya mtu anayemweleza mgeni sheria za mahali.

"Kwa hii bariere, hiyo jibu haitoshe."

Fabien alijua, maana sheria ile, kwamba asiyejulikana kwao hapiti, aliiweka yeye.